Uvimbe wa hipofizi ambao hauko kansa: namna unavyotambulikana, kutoka kituo cha afya hadi mashini ya IRM

Mama amezaa salama, lakini kisha wiki chache kichwa kinamuuma kila siku, maziwa yanakauka, nguvu inaisha, na macho hayaoni tena vizuri upande wa pembeni. Kijana mwingine anakunywa maji karibu ndoo nzima kwa siku, anaamka usiku mara 4 ao 5 kwenda kukojoa, lakini kipimo cha sukari kinaonyesha kwamba damu yake haina shida. Watu hawa wawili wanaonekana sawa vile wana magonjwa tofauti. Hata hivyo chanzo kinaweza kuwa kimoja: tezi ndogo chini ya ubongo, inayoitwa hipofizi, imevimba.

Uvimbe wa namna hii ni wa nadra. Wanganga wengi wanaweza kufanya kazi miaka na miaka bila kuuona, ao bila kujua kwamba wameuona. Lakini ukikosewa, hasara ni kubwa. Mgonjwa anaweza kufa kwa kukosa homoni moja tu, ambayo dawa yake ni sindano inayopatikana kwenye lopitali nyingi. Ao anaweza kupasuliwa bila sababu, kwa kufikiri kwamba ana uvimbe wa kukatwa. Kwa wakaaji wa fasi za mbali sawa Malemba-Nkulu, jambo la kujua ni hili: picha ya kichwa inafanyika mbali, lakini sehemu kubwa ya utambuzi, na ile inayookoa maisha, inaweza kuanza karibu na nyumbani.

Hipofizi ni nini?

Hipofizi ni tezi yenye ukubwa wa punje ya haragi, na uzito wake unakaribia nusu gramu. Inakaa nyuma ya pua, kati ya macho mawili, ndani ya shimo dogo la mfupa lenye umbo la tandiko la farasi. Imeunganishwa na ubongo kwa kikonyo, sawa tunda kwenye tawi lake. Juu yake kidogo ndipo mishipa ya macho mawili inapokutana. Ndiyo maana hipofizi ikivimba kuelekea juu, macho yanasumbuka.

Kazi ya tezi hii ni kutuma amri kwa tezi zingine. Inaambia tezi ya shingo (tiroidi) itoe homoni zake. Inaambia tezi za juu ya figo zitoe kortizoli, ambayo inasimamisha mwili wakati wa homa, njaa, jeraha na kuzaa. Inaamuru hedhi, mbegu za kiume, kukua kwa watoto na maziwa ya mama. Sehemu yake ya nyuma inatoa homoni inayozuia figo kupoteza maji. Kama tezi inavimba, amri hizi zinaanza kukosekana, moja kisha ingine.

Juu ya nini inavimba?

Uvimbe unaoonekana zaidi kwenye hipofizi ni adenoma, yaani chembe za tezi yenyewe zinazozidi kuongezeka. Adenoma nayo, kwa kawaida, haiko kansa. Habari hii inahusu kundi lingine, lililo dogo zaidi: uvimbe unaotokana na uchochezi, yaani mwili unapigana ndani ya tezi na tezi inajaa. Jina lake la kitabibu ni hipofiziti.

Ya kwanza ni ile ya kinga ya mwili: askari wa mwili wanakosea adui na kushambulia tezi. Inapata zaidi wanawake, na mara nyingi inatokea mwisho wa mimba ao katika miezi ya kwanza kisha kuzaa.

Ya pili ni ile yenye vinundu vidogo vidogo. Vinundu hivyo vinaweza kutoka kwa kifua kikuu, kaswende, kuvu, ao ugonjwa unaoitwa sarkoidosi. Wakati mwingine hakuna chanzo kinachopatikana.

Kuna pia usaha ndani ya tezi, ambao unaweza kutoka kwa maambukizi ya mifupa ya pua. Ugonjwa wa IgG4, unaopata zaidi wanaume wazee na kuvimbisha viungo vingine vya mwili. Na uchochezi unaoletwa na dawa fulani mpya za kansa, ambazo zinaamsha kinga ya mwili.

Elimu hii haikuanza jana. Mwaka 1917, munganga Morris Simmonds wa Hamburg, Ujerumani, alichunguza hipofizi 2000 za watu waliokufa. Katika 4 kati ya hizo alikuta vinundu ambavyo havikutoka kwa kifua kikuu wala kaswende. Mwaka 1962, Goudie na Pinkerton, huko Scotland, walieleza habari ya mwanamke wa miaka 22 aliyekufa kisha kupasuliwa apendisi, miezi 14 kisha kuzaa mtoto wake wa pili. Walipofungua maiti, walikuta hipofizi imejaa chembe za kinga, na tezi za juu ya figo zimenyauka. Upasuaji wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini mwili haukuwa na kortizoli ya kuuvumilia, na hakuna aliyejua mapema. Miaka mingi imepita, na bado hiyo ndiyo hatari ya kwanza.

Dalili zinazopaswa kuamsha mashaka

Hakuna dalili moja inayotosha. Nguvu ya utambuzi iko katika kuziunganisha:

– Kichwa kinauma kwa wiki nyingi, mara nyingi mbele ao nyuma ya macho, na dawa za malaria hazisaidii.
– Macho hayaoni pembeni: mtu anagonga mlango, ao haoni pikipiki inayotoka upande.
– Uchovu mwingi, kizunguzungu wakati wa kusimama, kutapika, kupungua uzito, kuzimia.
– Maziwa hayatoki kisha kuzaa, ao yanakauka ghafula. Hedhi hairudi hata mtoto akiacha kunyonya.
– Mwanaume anapoteza hamu ya tendo la ndoa, na ndevu zinapungua.
– Kiu kali na mkojo mwingi mweupe sawa maji, mchana na usiku.

Mpangilio wa dalili nao unasema kitu. Adenoma inakua polepole, na kwa kawaida homoni za uzazi na za kukua ndizo zinazoanza kupotea. Katika hipofiziti ya kinga, mara nyingi amri ya kortizoli inapotea mapema, hata wakati uvimbe bado mdogo. Na kiu kali yenye mkojo mwingi ni kitu ambacho adenoma ya kawaida haileti sana. Ikiwako, munganga anapaswa kufikiri uchochezi ao namna ingine ya uvimbe.

Wakati mama anadhoofika, maziwa yamekauka na mwezi haurudi, familia inaweza kufikiri bulozi, ao kumpeleka kwanza kwenye chumba cha maombi. Maombi hayakatazwi. Lakini siku zinazopotea bila kipimo ndizo zinazoweza kumwondoa.

Asichanganywe na yule aliyepoteza damu nyingi

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana sana na huu kwa dalili. Mama akipoteza damu nyingi wakati wa kuzaa, hipofizi, ambayo imekuwa kubwa kwa ajili ya mimba, inakosa damu na kufa. Harold Sheehan wa Uingereza aliueleza mwaka 1937, na unaitwa kwa jina lake. Hapa tezi haibaki imevimba: kisha muda inasinyaa, na picha inaonyesha shimo karibu tupu.

Ulizo linalotenganisha magonjwa haya mawili halina bei: je, mama alimwaga damu nyingi wakati wa kuzaa, mpaka akazimia ao akawekewa damu? Kama jibu ni ndiyo, Sheehan inakuja mbele. Kama alizaa bila damu nyingi na kichwa kikaanza kuuma, uchochezi unakuja mbele. Kwa wote wawili, hata hivyo, hatari ya haraka ni ileile: kukosa kortizoli.

Vipimo vinavyoweza kufanyika karibu

Kwenye kituo cha afya ao lopitali kuu ya zone ya afya, kuna mambo ambayo hayaombi mashini kubwa.

Macho. Munganga anakaa mbele ya mgonjwa, umbali wa mita 1. Kila mmoja anafunika jicho moja, lile linalotazamana na jicho la mwenzake lililofunikwa, na wanaangaliana usoni. Munganga anasogeza kidole kutoka pembeni kuja katikati. Kama mgonjwa anachelewa kukiona kidole upande wa nje, kwa macho yote mawili, hiyo ni alama ya kubanwa kwa mishipa ya macho fasi inapokutana.

Mkojo. Mgonjwa anakusanya mkojo wote wa saa 24 ndani ya bido la lita 5 lililo safi. Kwa mtu mzima, ikizidi lita 3, iko mingi kupita kawaida. Kwanza sukari inapimwa, juu ya kuondoa ugonjwa wa kisukari. Kama sukari iko sawa na mkojo ni mweupe sawa maji, ni lazima kutafuta zaidi. Mgonjwa wa namna hii asikatazwe maji nyumbani eti ili kiu iishe. Anaweza kukauka na kufa.

Presha. Inapimwa mgonjwa akiwa amelala, kisha akisimama. Kama ile ya juu inashuka kwa 20 ao zaidi, mwili unaweza kuwa na upungufu wa kortizoli, ao wa maji.

Ngozi. Kama ni tezi za juu ya figo zenyewe zimeharibika, kwa mfano kwa kifua kikuu, ngozi, ufizi na mistari ya mikono vinakuwa vyeusi kupita kawaida. Kama shida iko kwenye hipofizi, weusi huo hauji.

Damu. Sukari ya chini bila sababu, na chumvi ya damu (sodiamu) iliyoshuka, ni alama za kortizoli kidogo. Kipimo cha malaria, cha mimba, cha ukimwi na cha kaswende vinafanywa pia.

Kuna ulizo lingine ambalo munganga hapaswi kusahau: mgonjwa anakunywa dawa gani? Katika miji mingi ya Kongo watu wananunua vidonge vya deksametazoni ili wanenepe, na wengine wanapaka mafuta ya kung'arisha ngozi yenye dawa za jamii hiyohiyo. Dawa hizo zikitumiwa muda mrefu zinalaza hipofizi. Siku mtu anaziacha ghafula, anaanguka sawasawa na mtu ambaye tezi yake imevimba, na kipimo chake cha kortizoli kinakuwa chini. Kusema ukweli kwa munganga hapa hakuleti haya, kunaokoa.

Homoni zinazopimwa kwenye labo kubwa

Kortizoli inapimwa asubuhi, karibu saa mbili, kwa sababu wakati huo ndipo inakuwa juu. Ikiwa chini ya mikrogramu 3 kwa desilita, upungufu ni karibu hakika. Ikizidi 18, upungufu unaondolewa. Katikati ya hapo, kunatakiwa kipimo kingine cha kuchokoza tezi.

Kwa tiroidi, kosa la kawaida ni kupima TSH peke yake. TSH ni amri inayotoka kwa hipofizi. Kama hipofizi ndiyo mgonjwa, TSH inaweza kuonekana ya kawaida wakati homoni yenyewe, T4, imeshuka. Ni lazima vipimwe vyote viwili.

Prolaktini, homoni ya maziwa, inasaidia pia. Ikiwa juu sana, kupita 200 kwa nanogramu kwa mililita, kwa mtu asiye na mimba na asiyenyonyesha, adenoma inayotoa prolaktini inafikiriwa mbele. Huyo anatibiwa kwa vidonge. Ikipanda kidogo tu, inaweza kuwa kikonyo cha tezi kimebanwa. Kwa mama aliyezaa juzi, ikiwa chini, chembe za maziwa zimeharibika.

Picha inaonyesha nini?

Mashini inayofaa zaidi ni IRM, yenye kutumia sumaku, na dawa ya kung'arisha inayopitishwa kwenye mshipa. Skaneri ya kawaida inaweza kuonyesha uvimbe mkubwa, lakini inaweza kukosa mdogo. Kwa mtu wa Malemba-Nkulu, IRM inamaanisha safari: kwa mtumbwi ao boti juu ya Lualaba hadi Bukama, kisha reli ao barabara kuelekea Lubumbashi. Ndiyo maana ni vizuri mgonjwa aende akiwa na karatasi ya munganga yenye dalili, tarehe ya kuzaa, dawa alizokunywa na vipimo vyote. Anayesoma picha bila historia hiyo anaweza kusema «adenoma» tu.

Katika uchochezi, tezi inavimba sawasawa kushoto na kuume, kikonyo kinakuwa kinene lakini kinabaki katikati, dawa ya kung'arisha inajaa tezi yote, na ile alama nyeupe ya kawaida nyuma ya tezi inaweza kupotea. Adenoma mara nyingi inaegemea upande mmoja na kusukuma kikonyo. Usaha unaonekana sawa pete: kingo zinang'aa, katikati hapana. Lakini iko mtego: hipofizi ya mwanamke mwenye mimba inakua kwa zaidi ya theluthi, na hiyo ni kawaida. Tezi kubwa peke yake, bila kichwa kuuma wala homoni kukosekana, haiko ugonjwa.

Mwaka 2009, Gutenberg na wenzake walitoa njia ya kuhesabu alama ili kutenganisha hipofiziti ya kinga na adenoma kabla ya upasuaji: umri wa miaka 30 ao chini, uhusiano na mimba, ukubwa, ulinganifu wa pande mbili, unene wa kikonyo na mengine. Waliandika kwamba karibu wagonjwa 40 kwa 100 wenye hipofiziti hiyo walikuwa wanahesabiwa kuwa na adenoma na kupasuliwa bila lazima. Hiyo ilikuwa katika nchi zenye mashini tele.

Kifua kikuu: hakipaswi kusahauliwa

Kongo iko kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Kifua kikuu cha hipofizi ni cha nadra hata hapa, lakini kinaweza kuja bila kikohozi. Kwa hiyo mwenye uvimbe wa hipofizi anapigwa radio ya kifua, makohozi yake yanapimwa, kwa mashini ya GeneXpert kama iko, na anaulizwa kama kuna mtu wa nyumbani aliyetibiwa. Kama hakuna hatari ya kufanya hivyo, maji ya uti wa mgongo nayo yanatolewa na kupimwa. Kipimo kisichoonyesha kitu hakiondoi ugonjwa kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo kila mtoa dawa za kifua kikuu angefaa kulijua. Rifampisini, moja ya dawa hizo, inafanya mwili umalize kortizoli upesi. Mgonjwa ambaye hipofizi yake tayari iko dhaifu anaweza kuanza dawa akitembea, na kisha siku chache akaanguka: presha chini, kutapika, kulala usingizi mzito. Dawa ya kifua kikuu haiko mbaya. Anayekosa ni kortizoli, na anapaswa kuongezewa. Asiache dawa kwa kufikiri kwamba zinamuua.

Kabla ya kukata, na kabla ya kutoa kortizoni nyingi

Hakika kamili inatoka kwa kipande cha tezi kinachochunguzwa kwa hadubini. Kinatolewa kupitia pua, na wapasuaji wa ubongo peke yao ndio wanaokifanya. Lakini si kila mgonjwa anahitaji. Mama aliyezaa karibuni, mwenye picha ya uchochezi na macho mazima, anaweza kupewa homoni anazokosa na kufuatwa kwa picha kisha miezi michache; mara nyingi uvimbe unashuka wenyewe, hata kama homoni hazirudi zote. Upasuaji unakuja mbele kama macho yanazidi kufifia, kama kuna usaha, ao kama chanzo hakieleweki.

Kortizoni nyingi inaweza kushusha uvimbe upesi. Hata hivyo kupona haraka hakuthibitishi hipofiziti: aina fulani za kansa, sawa limfoma, na jerminoma inayopata watoto na vijana, nazo zinapungua kwa muda zikipewa dawa hiyo, kisha zinarudi. Na kama chanzo ni kifua kikuu ambacho hakijaanza kutibiwa, kortizoni nyingi inakipa nafasi. Inaweza pia kuamsha kwa ukali minyoo ya strongiloidi, ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka bila kujua. Ndiyo maana vipimo hivi vinatangulia, isipokuwa maisha yako hatarini.

Wakati hakuna muda wa kungoja

Mgonjwa mwenye mashaka ya hipofizi anayetapika, mwenye presha ya chini, sukari chini ao akili inayopotea, hapaswi kungojea picha wala jibu la labo. Kwa mtu mzima, kinachotakiwa ni hidrokortizoni miligramu 100 kwa sindano, maji ya chumvi kwenye mshipa, na sukari kama iko chini. Damu ya kupima kortizoli ikiwezekana inatolewa kwanza, lakini isicheleweshe sindano. Dawa ya tiroidi inakuja nyuma, si mbele: ikitolewa kabla ya kortizoli, inaweza kumwangusha zaidi. Na kisha kortizoli kuanza, mkojo unaweza kuongezeka ghafula. Hiyo inafunua upungufu wa homoni ya maji uliokuwa umejificha.

Anayerudi nyumbani na vidonge vya hidrokortizoni ao prednizoloni anapaswa kuelewa mambo matatu. Vidonge haviachwi siku hata moja. Akipata homa, dozi inaongezwa mara mbili kulingana na maagizo ya munganga. Akitapika vidonge, anaenda kwenye lopitali kwa sindano. Karatasi ndogo yenye maneno «anakosa kortizoli» inakaa naye siku zote, hata kwenye mtumbwi, juu ya munganga asiyemjua aweze kuisoma.